Je, Naota? Namna ya Kujipima Mchana Ili Ujitambue Ndotoni Usiku

Karibu kila aliyewahi kuwa kikojozi utotoni anaijua ndoto hii. Umebanwa na mkojo, unahangaika kutafuta choo, unakipata, tena kisafi na hakina foleni, unajisaidia kwa raha zako. Kufumbua macho, godoro limelowa. Ukiikumbuka vizuri, choo chenyewe kilikuwa katikati ya darasa, mwalimu anafundisha, na wewe hukuona ajabu yoyote.

Ndotoni ndivyo tulivyo. Babu aliyefariki zamani anakuja na bodaboda, tunampokea mzigo na kumuuliza habari za safari. Mtu mwenye watoto wawili anajikuta amevaa sare, anafanya mtihani wa darasa la saba, na wasiwasi wake pekee ni kwamba kalamu imeisha wino. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile inayotusaidia kupima na kuhoji, huwa imepunguza kazi wakati huo, kwa hiyo lolote linaloletwa linapokelewa. Lakini mara mojamoja mtu husimama katikati ya ndoto akajiambia: hapana, hapa naota. Kisha akaendelea kuota huku akijua. Hiyo ndiyo ndoto ya kujitambua. Mwongozo huu ni wa kuifikia kwa njia ya kujipima, yaani kujizoeza mchana kuuliza kama uko macho, mpaka swali lenyewe likufuate usingizini.

Anayetaka kujua kuota nyoka kuna maana gani, hilo lina wenyewe. Humu hatutafsiri ndoto wala hatutabiri.

Ni jambo la kweli?

Ni la kweli na limepimwa. Daktari Mholanzi wa magonjwa ya akili, Frederik van Eeden, alizieleza ndoto za aina hii alizoota mwenyewe katika makala ya mwaka 1913. Wanasayansi wengi hawakuzipa uzito, kwa sababu mtu aliyelala atatoaje ushahidi? Jawabu lilipatikana machoni. Katika usingizi wa REM, ambao ndio wenye ndoto nyingi na za wazi zaidi, misuli ya mwili hulegea usije ukarusha ngumi kitandani kwa sababu ya unachokiota. Misuli ya macho na ya kupumua ndiyo inayobaki kazini. Aprili 1975, katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alipatana na mwotaji Alan Worsley kwamba akijitambua ndotoni apeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio maalumu. Vifaa vilionyesha Worsley amelala fofofo, na ishara ya macho ikaja kama walivyopatana. Stephen LaBerge wa Stanford, Marekani, alilithibitisha jambo hilohilo kwa njia yake na kulichapisha mwaka 1981.

Mwaka 2021 watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi walisogea mbele zaidi: waliwauliza watu maswali wakiwa wamelala. Mmoja aliulizwa nane toa sita. Akajibu mbili, kwa macho, akiwa ndani ya ndoto.

Wala si kipaji cha watu wachache. Uchambuzi wa mwaka 2016 uliokusanya tafiti za miaka hamsini ulikadiria kwamba asilimia 55 ya watu wamewahi kupata ndoto ya kujitambua angalau mara moja, na asilimia 23 huipata mara moja kwa mwezi au zaidi. Huenda nawe umo, ila hukujua kwamba ina jina.

Nani asianze

Zoezi hili linamfundisha mtu kutilia shaka kama alipo ni kweli au ni ndoto. Kwa mwenye akili iliyotulia halina tabu. Kwa mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa akili unaomfanya asikie sauti zisizokuwepo au ashindwe kutofautisha la kweli na lisilo la kweli, shaka hiyo si mchezo, aachane nayo kabisa. Vilevile asiyepata usingizi wa kutosha, mama mwenye kichanga au dereva wa masafa marefu, kwanza alale. Ndoto zitamsubiri.

Kuna na wanaotumia dawa zinazojulikana kuleta ndoto kali, kama efavirenz kwa wenye virusi vya UKIMWI au mefloquine ya malaria. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto, na usiongeze dozi ili uote zaidi. Ndoto zikikusumbua, kawaambie kliniki.

Hatua ya kwanza: daftari kabla ya vidole

Wengi wakisikia habari hizi wanakimbilia kuhesabu vidole siku hiyohiyo. Wasubiri. Kama hukumbuki ndoto zako, unaweza kujitambua usiku wa leo na asubuhi ukaamka hujui kama ilitokea. Kwa hiyo wiki moja au mbili za mwanzo, kazi yako ni kuandika tu.

Weka daftari na kalamu karibu na mto, ndani ya chandarua. Ukiamka usigeuke upande, usishike simu, usiseme neno. Tulia ulivyo na ujiulize: nilikuwa wapi? Mara nyingi kinakuja kipande kimoja, ukikivuta kinaleta kingine. Andika hata maneno mawili, “soko, mbwa mwekundu”, yanatosha. Anayelala chumba kimoja na wadogo zake na hawezi kuwasha taa anaweza kunong'ona kwenye kinasa sauti cha simu, mradi asiangalie ujumbe kwanza. Ujumbe mmoja wa deni unafuta ndoto nzima.

Lala saa saba au nane. Hili nalisisitiza kwa sababu ndoto hazigawanywi sawa usiku kucha. Usingizi huenda kwa mizunguko ya kama dakika 90, na kila mzunguko unavyosogea kuelekea asubuhi ndivyo sehemu ya REM inavyorefuka. Anayelala saa 7 usiku akaamka saa 11 alfajiri anakatisha palepale ndoto ndefu zinapoanza.

Daftari likijaa kurasa kadhaa, lisome lote kwa mkupuo na upige mstari chini ya kila kinachojirudia. Huyu anaota shule kila mara, yule nyumba ya zamani waliyohama, mwingine yuko kituoni anakosa basi. Wapo wanaokuta kwamba marehemu fulani huja karibu kila wiki. Hizo ndizo ishara zako, na zina thamani kuliko orodha yoyote utakayopewa na mtu mwingine. Utazihitaji hatua ya tatu.

Hatua ya pili: chagua vipimo viwili

Kipimo ni kitendo kidogo ambacho matokeo yake ukiwa macho ni tofauti na ukiwa ndotoni. Vipo vingi, ila havilingani.

Ninachokiamini zaidi ni cha pua. Bana pua kwa vidole viwili, funga mdomo, kisha jaribu kuvuta hewa taratibu. Uliye macho huvuti kitu. Uliye ndotoni mara nyingi unavuta hewa kama kawaida huku pua umeibana, na hisia yake haifanani na kitu kingine. Sababu yake ni ileile ya Worsley na macho: kupumua hakusimami usingizini. Pua uliyoibana ni ya ndotoni, pua yako halisi iko wazi juu ya mto wako inapumua. Kasoro yake ni hadhara. Ukibana pua ndani ya daladala iliyojaa, jirani atadhani unamsema yeye.

Cha pili ni mikono. Tazama kiganja, hesabu vidole kimoja kimoja. Ndotoni mikono haitulii: vidole vinakuwa sita au saba, vinarefuka, vinayeyuka, au ukihesabu tena unapata idadi nyingine. Ongeza na kusukuma kidole cha shahada cha mkono mmoja katikati ya kiganja cha mwingine, huku ukitegemea kwa dhati kwamba kitapenya. Kikipenya, umeshajua uko wapi. Hiki unakifanya popote, hata msibani, hakuna atakayekuuliza.

Cha tatu ni maandishi. Soma kitu, geuza macho pembeni, soma tena. Ndotoni maneno hubadilika, herufi hutembea, sentensi iliyokuwa na maana inageuka upuuzi. Sisi tumejaliwa maandishi ya kusoma kila kona. Kuna majina ya kanga, maneno ya nyuma ya daladala na matatu, mabango ya maduka. Kipimo kizuri kuliko vyote cha aina hii ni tokeni ya umeme, tarakimu ishirini zilizokaa kwenye simu. Ukizisoma mara mbili zikabaki zilezile mpaka mwisho, ni vigumu sana kuwa unaota. Saa ya simu nayo inafaa, soma, tazama pembeni, soma tena. Na ukikuta salio la pesa kwenye simu limepanda bila sababu, jipime haraka.

Sasa vile vya kuviacha. Kujifinya, ambako kila mtu anakujua, hakufai, kwa sababu maumivu huweza kuhisiwa ndotoni vilevile. Swichi ya taa ina historia yake: Hearne aliyemchunguza Worsley aligundua kwamba waotaji wengi wakiwasha taa ndotoni haiwaki ipasavyo. Kwa mtu wa Hull ni kipimo kizuri. Kwa mtu wa mtaani kwetu, ambako umeme unakatika wakati wa taarifa ya habari, taa isiyowaka haithibitishi chochote. Kioo hufanya kazi, ila sura inayokutazama humo ndotoni inaweza kukutisha ukaamka, kwa hiyo mgeni asianze nacho.

Na kimoja ni marufuku: kuruka kutoka juu, kuingia barabarani, kugusa moto, kwa wazo kwamba “kama ni ndoto sitaumia”. Kipimo chochote ambacho kingekuumiza ukiwa macho hakifanywi, hata ukiwa na uhakika mia kwa mia kwamba unaota. Uhakika wa ndotoni ni huohuo uliokwambia choo kiko katikati ya darasa.

Chagua viwili tu. Ushauri wangu ni pua na vidole, au pua na maandishi.

Hatua ya tatu: kuuliza kwa kweli

Hapa ndipo wengi wanapopotezea muda wao. Wanasoma kwamba wahesabu vidole mara kadhaa kwa siku, wanavihesabu huku wanawaza bei ya mafuta, wanapata vitano kila mkono, wanaendelea na safari. Baada ya wiki tatu wanaota wanahesabu vidole ndotoni, wanapata saba, na wanaendelea na safari vilevile. Mkono ulijifunza, kichwa hakikujifunza.

Kidole si kipimo. Kipimo ni ile shaka inayotangulia. Mwanasaikolojia wa Ujerumani, Paul Tholey, ambaye ndiye aliyeijenga njia hii, alisisitiza swali lenyewe: naota au siyo? Liulizwe kama jambo ambalo jibu lake hulijui bado. Mtu aliye macho anapata tabu hapo, kwa sababu anaona wazi kwamba yuko macho. Lakini kumbuka kwamba ndotoni nako uliona wazi hivyohivyo.

Fanya hivi. Simama ulipo, au punguza mwendo. Jiulize umefikaje hapo: ulitoka wapi, ulipita njia gani, nani alikufungulia mlango. Rudi nyuma kwa saa moja hivi, kipande kwa kipande. Swali hili la njia lina nguvu ya pekee, maana ndoto hazina desturi ya kutupitisha safari nzima. Unajikuta tu uko Mwanza, bila basi wala nauli. Kisha tazama mazingira ukitafuta kisichokaa sawa, mtu asiyepaswa kuwepo au chumba kilichozidi ukubwa. Ndipo ufanye kipimo cha kwanza, ukitarajia kwamba hewa itapita puani. Isipopita, fanya cha pili. Ukishathibitisha uko macho, usiondoke papo hapo. Funga macho sekunde chache uone kichwani mwako kwamba hewa imepita, kwamba hapa ulipo ni ndotoni, na ungefanya nini baada ya kugundua. Jumla yake ni dakika moja. Mara tano hadi kumi kwa siku zinatosha, na tano za kweli zinazidi hamsini za mkono mtupu.

Ni wakati gani? Wengi huweka kengele ya simu kila saa. Siipendi njia hiyo. Siku ya tatu kengele inakuwa kelele nyingine tu ya kuzimwa, na ndotoni haitalia. Funga swali kwenye mambo yanayotokea ndotoni mwako, na hapo daftari linalipa. Anayeota shule ajipime kila akipita karibu na shule au akisikia kengele yake. Anayeota mbwa, kila akiona mbwa. Anayeota marehemu ajipime kila anapomkumbuka au kutazama picha yake, na hilo nalo lina faraja yake.

Ongeza vichocheo vitatu vya jumla. Kwanza, jambo lolote lisilo la kawaida, hata dogo: umekutana na mtu uliyesoma naye miaka mingi iliyopita, au kipindi cha redio kimesema kile ulichokuwa unawaza. Mchana tunajieleza haraka, “aah, ni bahati tu”, na tabia hiyo ya kujieleza haraka ndiyo inayotuponza usiku. Pili, hisia kali, kama hasira, aibu, hofu au furaha ya ghafla, kwa sababu ndoto zimejaa hisia. Tatu, kila unapoamka, bila kukosa. Kuna ndoto za kuamka: unaamka, unapiga mswaki, unavaa, unatoka, kisha unaamka kweli. Anayejipima kila anapofumbua macho huzinasa hizo kirahisi, tena mara nyingi ndiyo ndoto yake ya kwanza ya kujitambua.

Hatua ya nne: kuamka usiku na kurudi kulala

Kujipima mchana peke yake ni njia ya polepole, na asiyeambiwa hivyo hukata tamaa bure. Utafiti wa Denholm Aspy wa Chuo Kikuu cha Adelaide, Australia, uliochapishwa mwaka 2017, uliwagawa watu katika makundi: waliojipima mchana tu, waliojipima na kuamka usiku, na waliounganisha hayo mawili na zoezi la kuweka nia alilolibuni LaBerge. Katika wiki moja ya majaribio, ni kundi la tatu ndilo lililopata ongezeko la maana, wakifanikiwa katika asilimia 17 ya majaribio yao. Kati ya waliofanikiwa kurudi usingizini ndani ya dakika tano baada ya kuweka nia, kiwango kilifika asilimia 46.

Kwa hiyo ukilala saa 4 usiku, weka kengele ya saa 9. Amka, kaa kitako dakika tano hadi kumi, usiwashe taa kali wala simu. Kumbuka ndoto uliyotoka kuiota. Jilaze tena na urudie moyoni, kwa maana na si kwa ulimi tu: “Nikiota tena, nitakumbuka kuwa naota.” Huku ukisema, jione umerudi ndani ya ndoto ileile, unakutana na ile ishara yako, unabana pua, hewa inapita. Endelea hivyo mpaka usingizi ukuchukue. Ukiona unakodoa macho, acha kurudia. Lengo ni kulala upesi, na zile dakika tano za Australia zinaeleza kwa nini.

Baadhi yetu tuna kengele hii tayari. Anayeamka kwa tahajudi, au kwa daku mwezi wa Ramadhani, kisha akajilaza kidogo, yuko katikati ya saa bora za ndoto na hahitaji kujivunjia usingizi mara ya pili. Vivyo hivyo mzee anayeamka kwenda msalani saa 10 usiku. Autumie muda huo. Wengine wote wafanye hivi usiku mmoja au miwili kwa wiki, ambao asubuhi yake hawana safari wala kazi ya mashine.

Kuna wanaotangaza vidonge vya kuongeza ndoto hizi. Usihangaike navyo, na hasa usivinunue kwa muuzaji asiyekuwa mfamasia.

Hatua ya tano: umeshajua, sasa tulia

Siku hewa itakapopita puani, moyo utaruka, na ndoto itavunjika papo hapo. Wengi ndoto yao ya kwanza haimalizi hata dakika. Ili uishike, usipige kelele wala kukimbia. Sugua viganja vyako, sikia joto lake. Gusa ukuta, gusa udongo, tazama kitu kimoja kwa karibu kisha kingine, usikodolee kimoja tu. Jikumbushe kila baada ya muda kwamba hii ni ndoto, maana kusahau ni rahisi mno: dakika moja unajua, inayofuata unagombania kiti na abiria asiyekuwepo. Picha zikianza kufifia, jizungushe pale ulipo kama watoto wanaocheza, njia aliyoipendekeza LaBerge, na zikirudi jipime upya.

Ingia na nia moja ndogo uliyoipanga mchana. Kuruka angani ndiko wanakochagua wengi, na kuna raha yake. Mtu anayefukuzwa na kitu kilekile usiku hadi usiku anaweza kufanya jambo la maana zaidi: asimame, ageuke, akiulize kinataka nini. Mara nyingi kitisho hupungua palepale, kwa sababu safari hii anajua hakiwezi kumdhuru.

Ukikabwa na jinamizi

Anayeamka na kulala usiku anaweza kukutana na hali hii mara nyingi zaidi: akili imeamka, mwili bado umelegea kwa ule usingizi wa REM. Huwezi kuinua mkono, kifua kizito, na unahisi kuna mtu chumbani. Pwani na bara tunaijua kwa jina la jinamizi, na baadhi ya watafiti wameihusisha na taharuki ya Popobawa iliyozikumba Pemba na Unguja mwaka 1995. Kila mtu ana imani yake kuhusu kinachokuja. Mimi nasema la mwilini tu: hali hiyo hupita yenyewe kwa sekunde au dakika chache, na kupumua hakusimami hata ukihisi umekabwa. Usipambane na mwili mzima. Vuta pumzi polepole, na jaribu kutikisa ncha ya kidole kimoja cha mguu. Kulala chali huileta zaidi, basi lala ubavu. Ikija mara kwa mara mpaka ukaogopa kulala, acha zoezi la kuamka usiku na umwone daktari.

Mambo yakikwama

Unajipima ndotoni na kipimo kinasema uko macho: hutokea, vidole vinatoka vitano safi na pua inaziba kweli. Ndiyo maana ya kuwa na vipimo viwili. Na mtu aliye jikoni kwake kweli huwa hahitaji kujipima mara tatu mfululizo kwa wasiwasi. Ukijikuta umefika hapo, usiupuuze ule wasiwasi, tafuta maandishi usome.

Unakumbuka ndoto vizuri, unajipima kila siku, ila wiki nne zimepita kimya. Kwanza angalia saa za kulala, kwa sababu mara nyingi tatizo liko hapo na si kwenye kujipima. Kama unalala vya kutosha, simamisha vipimo kwa wiki moja, bakiza daftari tu. Kisha anza upya na kichocheo kimoja peke yake, kile kinachojirudia zaidi kwenye kurasa zako za karibuni, maana ishara za ndoto hubadilika na huenda ile uliyoichagua mwanzoni imeshaacha kukutokea.